Sweta la Kompyuta

Jumatatu, 6 Julai

Kompyuta imerudi! Nimeibeba mwenyewe kifuani kama mtoto mchanga, sikumruhusu mtu anisaidie. Ilikuwa imelazwa kwa Fundi Tochi, yule wa kibanda cha karibu na kituo cha mafuta, anayevaa tochi kichwani hata jua likiwa utosini. Anasema virusi vyote ametoa. Amefagia, amepangusa, amefukuza. Safi kabisa.

Viliingiaje? Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kioo kiliniambia nimeshinda cherehani, nikabonyeza NDIYO. Mtu anapewa cherehani aseme hapana? Kikauliza tena, nikabonyeza tena. Nimelelewa kwa adabu. Baada ya hapo kompyuta ikaanza kuonyesha viatu, dawa za kukuza makalio na wanawake wasio na haya, mpaka mjukuu wangu akapiga ukunga. Cherehani yenyewe haijafika.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, mke mwenzangu ana usaili. Mke mwenzangu ndiye huyo mjukuu. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba, na mimi nikashikia hapo hapo. Ni kazi ya maabara ya kupima maziwa. Wakubwa wa maabara wako mbali, watamwona ndani ya kompyuta, naye atawaona. Watamuuliza, atajibu, mengine atayaandika huku wanamtazama. Simu hawataki, wamesema. Ameomba kazi kila mahali mpaka vidole vimeota sugu, na hawa ndio wa kwanza kumwita.

Huyu mtoto ndiye aliyenifundisha kusoma. Shule mimi sikuikanyaga hata kwa kupotea njia. Alipoanza darasa la kwanza, akiishi kwangu kwa kuwa wazazi wake wako mbali kikazi, kila jioni alinikalisha jikoni akaniandikia herufi kwa chaki nyuma ya mlango. Nikikosea ananifinya sikio. Kwa hiyo kazi hii ataipata. Nimeshaamua.

Fundi alinifungulia kasha la kompyuta, lile sanduku linalokaa chini ya meza, akanionyesha vumbi alilolitoa. Donge la kujazia mto! Akasema, Bibi, adui mkubwa wa mashine ni vumbi. Hilo ni neno. Nimelishika.

Nimetoa uzi wa sufu sandukuni.

Jumanne, 7 Julai

Sweta limekwisha! Sufu nzito, nyeupe, na ndege wa bluu wanaofuatana. Nimelivalisha kasha mbele, nyuma, mbavuni na juu. Nimeacha nafasi ya nyaya na kitufe cha kuwashia tu. Vumbi lije lione.

Kila kitu changu humu kimevaa. Redio ina kofia. Jokofu lina kilemba. Mtungi wa gesi una sketi yenye marinda. Kioo cha kompyuta nacho nilikishonea shela siku nyingi, kikizimwa kinajifunika. Kasha peke yake ndilo lilikuwa uchi, na kasha ndilo lililoharibika. Haya, nani hana akili?

Mke mwenzangu alikaa mezani, akaiwasha, hata sweta hakuliona. Amekulia humu. Angeona kitu hakijavaa ndiyo angeshtuka.

Tukafanya mazoezi. Mimi nikawa mkubwa wa maabara, nikavaa miwani ya marehemu. Nikamuuliza kwa sauti nzito kwa nini anataka kupima maziwa wakati kila mtu ana ulimi. Akajibu kwamba mdudu wa kwenye maziwa haonjwi. Jibu zuri! Nilikuwa ndiyo kwanza namwajiri, mara paap! Kioo cheusi. Ikajiwasha yenyewe. Tukashukuru. Paap tena! Safari hii kioo kikawa bluu, na maandishi meupe ya kukasirika.

Mke mwenzangu amesema labda virusi vingine vilibaki. Amesema taratibu, akiangalia mikono yake. Nimemwambia alale. Fundi Tochi ni wangu.

Alhamisi, 9 Julai

Jana alikuwa hayupo kibandani. Leo nimempata.

Kompyuta nimeibeba, lakini sweta lake nimelivua kwanza nikaliacha nyumbani. Kile kibanda kina grisi mpaka kwenye kalenda, sufu nyeupe haiendi mahali kama pale.

Nimemsema mbele ya wateja wake. Nimemwambia ameacha virusi makusudi, kama kinyozi anayemwachia mtu kishungi upande mmoja ili arudi kesho. Wateja wakacheka mpaka mmoja akadondosha simu aliyoileta kutengenezwa. Fundi akaapa kwa mama yake. Akasema, Bibi, kaa hapa uione kwa macho yako.

Nikakaa. Kigoda nilikuwa nimekuja nacho, kwani sikutarajia kuondoka upesi.

Mashine ikawaka. Ikaimba. Ikaonyesha filamu ya watu wanaofukuzana kwa magari, wote wabaya. Wateja wakaja wakaenda. Fundi akala chakula chake, akanigawia nusu, nikakubali kwa hasira. Mpaka anafunga kibanda, mashine haikuzima hata kwa kukonyeza! Akaniangalia. Nikamwangalia. Akauliza umeme wa nyumbani kwangu ukoje. Nikamjibu kwamba umeme wangu hauna kasoro, mwenye kasoro ni yeye.

Njiani nikaanza kuwaza. Umeme!

Nimeirudisha mezani, nikaivalisha sweta lake, mke mwenzangu akaiwasha. Chai haijachemka: paap.

Ijumaa, 10 Julai

Leo ilikuwa siku ya umeme.

Nilichomoa kila kitu. Jokofu, pasi, redio, taa ya uani. Mpangaji wa chumba cha uani alikuwa anapiga pasi shati la kazini, nikamchomoa naye. Amekwenda kazini upande mmoja umenyooka, mwingine kama karatasi ya maandazi. Alisema kitu akitoka getini. Sikukisikia, na ni bora kwake.

Umeme wote wa nyumba nikauachia kompyuta. Ule, unywe, ushibe!

Paap.

Na samaki wa kwenye jokofu wakaanza kunilalamikia. Nimelazimika kuwapika wote. Tumekula samaki asubuhi, mchana na jioni. Mpangaji nimempelekea bakuli. Amelipokea kwa uso wa shati lake.

Kama hayo hayatoshi, amekuja Bibi Marumaru.

Huyu ni mama wa mama yake mke mwenzangu, yaani mkwe wangu. Namwita hivyo kwa sababu nyumba yake ina marumaru sebuleni, barazani, bafuni na kwenye banda la kuku. Anakaa mtaa wa pili, lakini habari zetu huzipata kabla hatujazimaliza kuzifanya. Amesikia. Ameketi, amejipepea, amenisifia samaki. Kisha akasema eti mkwe wangu, kwa nini mtoto ateseke? Aje kwake. Ana kompyuta nyeupe aliyonunuliwa na mwanawe, bapa kama sahani, haijawahi kuzima tangu izaliwe. Na nyuma yake wataona marumaru.

Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka getini kabla hajamaliza soda.

Mjukuu huyu ni wetu sote wawili, sikatai. Lakini aliota meno kwangu, akajifunza kuhesabu kwangu, na mlango wangu wa jikoni mpaka leo una alama za chaki. Halafu siku ya kuonekana na wakubwa aonekane kwenye marumaru ya mwingine? Miaka yote iliyobaki nitasikia: ile kazi aliipatia kwangu! Kila sherehe! Kila msiba!

Haiwezekani.

Jumamosi, 11 Julai

Nimekwenda kwa Bibi Marumaru kumjulia hali. Hali yake naijua, nilikwenda kupeleleza.

Kompyuta ni nyeupe kweli. Ni bapa kweli. Nimeikodolea macho ikakataa kuzima. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, ndipo dirishani akawika jogoo. Akawika tena. Jogoo yule hajui saa! Anawika mchana kweupe, anawika akila, anawika akiona mtu mgeni. Nilitaka kumbusu.

Nikarudi mbio kumweleza mke mwenzangu kwamba kwa Bibi Marumaru maswali yote yatajibiwa na jogoo. Yeye akasema jogoo hufungiwa, Bibi. Nikasema marumaru zina mwangwi. Akasema Bibi. Nikasema kiti chao kina mguu mmoja mfupi. Akanishika mikono yote miwili. Akasema anaogopa. Akasema akiwa katikati ya jibu halafu kioo kikazima, wale watu hawatamngoja, watamwita wa nyuma yake. Basi mashine isipotulia mpaka Jumanne jioni, atakwenda kwa Bibi Marumaru, na nisimchukie.

Nimchukie! Nikamwambia hata usiku wa leo aende akitaka. Nikaingia jikoni nikakata vitunguu. Hakukuwa na chakula kinachohitaji vitunguu.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeivua, nimeibeba, nimekwenda tena kwa Fundi Tochi.

Kibandani hakuna mtu. Nikaita. Kimya. Halafu nikaona mwanga chini ya meza. Mtu anajificha na tochi inawaka kichwani! Nikainama, nikamwamkia huko huko chini. Akatoka, akapangusa magoti, akasema alikuwa anatafuta skrubu.

Leo nimemhurumia. Ameshughulika kweli. Amebadilisha waya wa umeme. Amesafisha tena virusi ambavyo havipo. Amepiga programu zote upya. Mashine ikatembea kibandani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, imetulia kama bwana harusi. Akakaa, akashika kichwa. Akauliza kama nyumbani naiweka juani. Hapana. Karibu na jiko? Hapana. Akauliza kama inakaa mahali pasafi. Nikamwambia kwamba tangu aniambie habari ya vumbi, naitunza kuliko ninavyojitunza mimi, vumbi hata likitaka kuipata halijui pa kupitia. Akasema, hongera Bibi, wateja wote wangekuwa kama wewe!

Nimetembea mpaka nyumbani na hiyo hongera.

Nikaivalisha. Nikawaza: kama siyo virusi, na siyo umeme, basi ni vumbi, linapita katikati ya uzi. Nimeshonea bitana kwa ndani. Lile blanketi la mke mwenzangu la utotoni, zito, la manjano. Kumbukumbu ndani, ndege nje. Hapa hata upepo haupiti!

Jumanne, 14 Julai

Imekuwa mbaya zaidi. Haipati hata nafasi ya kuamkia. Inawaka, inavuma kama pikipiki inayopanda mlima, paap. Inawaka, paap. Tumejaribu asubuhi. Tumejaribu mchana. Jioni mke mwenzangu hakujaribu tena. Alichukua vyeti vyake akavipanga, akatoa blauzi ya bluu.

Blauzi nimeipiga pasi mimi. Kola, mikono, mgongo. Hakuna aliyenichomoa.

Kisha nikajifunga khanga nikaenda kwa Bibi Marumaru. Sikwenda kugombana. Kama mtoto anakwenda pale, basi pale pawe sawasawa. Nimemwambia, mkwe wangu, kesho ni kwako, lakini yule jogoo nisimsikie. Alitaka kucheka, akaniona macho, akaacha. Akasema amfungie wapi, banda lina dirisha. Nikamwambia amfungie ndani, chumba chenye mlango unaofunga, amfunikie tenga. Wazo langu hilo. Akakubali. Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, naye anaogopa, kumbe.

Kompyuta nimeiacha imevaa. Haijafanya vizuri, lakini siwezi kuivua kwa hasira.

Jumatano, 15 Julai

Jamani! Jamani! Ngoja nianze mwanzo.

Asubuhi tumekwisha vaa, tuko mlangoni tunatoka. Bibi Marumaru huyu hapa anakuja mbio, kiatu mguu mmoja, manyoya kichwani, pazia limekunjwa kwapani. Nikajua pana jambo. Yule mwanamke hakimbii hata mvua.

Chumba chenye mlango unaofunga ni kile cha wageni. Cha wageni ndicho chenye kompyuta. Jogoo amepindua tenga usiku. Amepanda mezani. Ameangusha ile nyeupe chini, juu ya marumaru, kioo kimepasuka kama yai. Na alichokifanya juu ya vitufe sitakiandika, daftari hili ni safi.

Akaniambia kwamba wazo la kumfungia ndani lilikuwa langu. Nikamwambia chumba kilikuwa chake. Akasema tenga. Nikasema jogoo. Ndipo tukamwona mtoto. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na bahasha yake ya vyeti mapajani.

Tukaacha kugombana.

Nikamwambia ainuke. Nikasema ile yetu itawaka. Kwa nini nilisema hivyo sijui. Nilikuwa sina neno lingine la kumpa.

Tukaingia. Mke mwenzangu akakaa, akaunganisha mtandao kwa simu yake. Hapo Bibi Marumaru akatazama ukuta wa nyuma ya kiti, akaguna. Pana doa la unyevu, kubwa, lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Akasema eti mkwe, wale watu wataona hiyo? Akakunjua pazia lake. La zambarau! Lina pindo za dhahabu! Alikuwa amelitayarisha kwa ajili ya kwake, akaona lisipotee bure. Akaanza kupanda juu ya stuli.

Hapana. Jogoo nimevumilia. Lakini wakubwa wa maabara waione nyumba yangu kwa mara ya kwanza ikiwa imevaa pazia la Bibi Marumaru? Nilitazama huku na huku. Kitambaa kikubwa, kipya, kisafi? Kilemba cha jokofu kidogo. Sketi ya mtungi imerukiwa na mafuta. Nikainama chini ya meza, nikalivuta sweta la kasha, likatoka pamoja na bitana yake. Nikafumua mshono wa ubavuni kwa meno. Likafunguka pana kama shuka! Nikalipigilia misumari ukutani, ndege wa bluu mbele, ng'ombe wa unyevu nyuma. Kasha likabaki uchi. Nililiomba radhi kimoyomoyo, nikasema ni kwa muda tu.

Saa nne. Nyuso tatu zikatokea. Sisi wawili tukafukuzwa jikoni.

Tumekaa sakafuni, masikio mlangoni, kwenye zile alama za chaki. Bibi Marumaru upande wa kushoto, mimi kulia. Nilikuwa nangoja paap. Kila akivuta pumzi mle ndani, nangoja paap. Wakamuuliza shule. Akajibu. Wakamuuliza vipimo. Akajibu majina marefu kama treni, hakukwama. Wakampa ya kuandika. Tukasikia vitufe, tititi, tititi. Bado inawaka! Mwanamke mmoja akamuuliza: mfugaji ameleta maziwa kutoka mbali, maziwa yameharibika, utamwambiaje bila kumvunja moyo? Mtoto akasema atamweleza kama alivyomfundisha bibi yake kusoma, taratibu, tangu mwanzo, bila kumcheka.

Mwongo! Alinifinya sikio! Nililia nikajifuta kwa khanga ya Bibi Marumaru, naye alikuwa analia akijifuta kwa yangu. Kumbe tulikuwa tumeshikana mikono muda wote, wala sikumbuki nani alianza.

Mwishoni mzee mmoja akauliza kile kitambaa kizuri cha ukutani kimefumwa na nani. Mke mwenzangu akasema ni bibi. Nikapaza sauti kutoka jikoni: shikamooni! Wakacheka wote watatu. Wakaaga.

HAIKUZIMA! Tangu mwanzo mpaka mwisho, haikuzima! Nimembusu mtoto. Nimembusu Bibi Marumaru. Nimebusu kioo, kimebaki na alama. Mpangaji alitoka kuangalia kelele, nikambusu naye. Nimelala kwenye kochi mchana wote, nimeamka, nimekumbuka, nimecheka, nimelala tena.

Alhamisi, 16 Julai

Nimefikiri sana ni nini kiliiponya. Nimepata. Ilikuwa inataka kuheshimiwa. Ilipoona sherehe, ikajikaza.

Kwa hiyo nimelishusha sweta, nimelishona upya ubavu, nimelivalisha kasha pamoja na bitana. Zawadi yake.

Ijumaa, 17 Julai

Paap!

Mke mwenzangu alikuwa anawaandikia wale watu asante. Bahati nzuri leo nilimwalika Fundi Tochi kula, kumshukuru. Hajawahi kufika kwangu. Aliingia, akasalimia redio yenye kofia, akaliangalia jokofu, akatazama mtungi wenye sketi. Nikaona anaanza kutembea taratibu. Akainama chini ya meza na tochi yake. Akakaa humo muda mrefu kuliko siku ile ya skrubu.

Akauliza kwa sauti ndogo, Bibi, hii imevaa tangu lini?

Nikamwambia tangu aliponieleza habari ya vumbi.

Akalivua. Akaniomba niweke kiganja juu ya kasha. Mama yangu! Pasi ya moto! Akanionyesha matundu mbele, feni nyuma. Akasema mashine inapumulia hapo, ikizibwa joto linapanda, na joto likipanda inajizima ili isiungue, ikipoa inajiwasha. Virusi viliondoka siku ile ya kwanza. Umeme mzima. Kila kitu kizima. Eti kila nikiipeleka kwake naivua, kwa hiyo inapumua na kupona. Kila nikiirudisha naivalisha, naikaba koo.

Nikamuuliza ni nani aliyesema adui mkubwa ni vumbi. Akasema ni yeye. Nikamuuliza kama alisema kitu kuhusu joto. Akasema hakusema. Basi! Tukaelewana kosa ni la nani, nikampakulia.

Mke mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini akiwa amekumbatia lile blanketi la manjano. Kila akitaka kuacha anatazama jokofu, anaanza upya. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Acha acheke. Nimemwahidi, mbele ya fundi, kwamba kompyuta sitaivalisha tena kitu chochote. Ahadi zangu huwa natimiza.

Jumatatu, 20 Julai

AMEPATA!

Ameipata! Wamempigia simu! Anaanza mwezi ujao! Nilikuwa na sufuria mkononi, nimeitupa, imetua kwenye maua, haidhuru. Mlango wa jikoni nimeupiga busu pale penye herufi A.

Bibi Marumaru alikuwa wa pili kujua. Nimekwenda mwenyewe kumwambia. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha ni nyumba ya nani iliyotoa kazi. Nilipofika, alikuwa anasugua vitufe kwa mswaki. Nikasahau kusema. Nikachukua mswaki mwingine.

Jumapili, 2 Agosti

Mke mwenzangu ameondoka jana na basi la asubuhi. Kompyuta ameniachia, huko atapewa ya kazini. Nyumba imekuwa kubwa. Amenipigia simu, amesema chumba chake ni kizuri, amekwisha kivisha vitambaa vyangu vyote. Mtoto mwema.

Kompyuta yangu iko uchi, inafanya kazi. Ahadi ni ahadi.

Bibi Marumaru ndiye niliye na wasiwasi naye. Wiki jana, kwa kuwa yale mambo ya jogoo yalinigusa, nilimfumia zawadi, sweta la king'amuzi chake, kile kisanduku kinacholeta picha kwenye televisheni. Lile lile la kasha nimelipunguza, ndege wameenea vizuri, na bitana ya blanketi. Amefurahi mpaka akanifungulia soda ya pili. Sasa leo amekuja analalamika. Eti kila jioni, tamthilia ikifika patamu, king'amuzi kinajizima. Kikipoa kinajiwasha.

Nimemwambia ni umeme. Ampokonye mpangaji wake pasi. Kama hana mpangaji, basi ni vumbi, marumaru zile zinalikusanya. Nimempa pole, nimemwambia namfumia la pili la kuvaa juu ya lile la kwanza. Fundi Tochi alizungumzia kompyuta. King'amuzi hakukitaja hata kidogo, nina shahidi.

Ameondoka ameridhika. Nimekaa mezani, nimeunganisha simu yangu kama alivyonionyesha mke mwenzangu, nazunguka zunguka kwenye mtandao, nipate mchoro mpya wa ndege.

Hee! Kioo kimefunguka chenyewe. Nyota zinaruka! Ile cherehani, kumbe hawakunisahau! Wanauliza kama niko tayari kuipokea.

Nimebonyeza NDIYO.